Usinga Usio na Manyoya

Harufu ya petroli ikichanganyika na moshi wa maganda ya korosho hunitoa kitini mpaka leo. Miguu inaanza kuniwasha, kana kwamba kuna mahali ninaitwa na nimeshachelewa. Vijana wa hapa nyumbani wananicheka, wanasema bibi ana pepo la kutembea. Si pepo. Ni msimu mmoja tu wa utoto wangu ambao haukunitoka mwilini, msimu wa korosho, wakati upepo wa kule juu Newala unapovuma mchana kutwa na mabibo yanaoza chini ya mikorosho mpaka nzi wanalewa. Moshi wa korosho ukikuingia machoni unatoa machozi makali, na ule mchana wa kwanza ninaotaka kuusimulia sote tulikuwa tunalia machozi hayo huku tunacheka, kwa sababu mjomba wangu Halfani alikuwa ameweka jenereta lake karibu mno na mahali bibi yangu alipokuwa akikaanga korosho.

Nieleze kwanza wakati wenyewe ulivyokuwa, maana watoto wa sasa hawajui. Kabla ya hapo sabuni ilikuwa kitu cha kupangia foleni, na foleni yenyewe ukifika mwisho wake unaambiwa sabuni imekwisha, njoo wiki nyingine. Halafu, ghafla, watu wakasema sasa ni ruksa. Maduka yakajaa. Nguo za mitumba zikaja kwa marobota, mama zetu wakavaa makoti ya baridi juani. Magari ya wanunuzi wa korosho yakawa yanapanda mlima yakishindana, wanunuzi wageni wenye miwani myeusi, na kila aliyekuwa na magunia mawili akajiona anaweza kuwa mtu mwingine. Hakuna aliyetulia. Baba alitaka kufungua hoteli, jirani yetu alitaka kwenda Mtwara, hata mbuzi wetu walikuwa wanakata kamba. Mimi nilikuwa darasa la nne, na nilitaka kitu kimoja tu. Nilitaka kwenda Masasi kuimba.

Shule yetu ilikuwa na kwaya, na kwaya ilikuwa imealikwa kwenye mashindano ya shule huko Masasi. Mwalimu Selemani, kijana mpole aliyekuja kwetu mwaka ule ule, alinichagua mimi niwe mwanzilishi. Maana yake mimi ndiye nitakayetoa sauti ya kwanza, peke yangu, watu wote wakiwa kimya, halafu wenzangu waitikie. Wimbo ulikuwa wa maji. Wanaojua uwanda wetu wanajua kwa nini. Kule juu ardhi ina rutuba lakini haina maji, na bomba lilikuwa likifa kila mwaka, kwa hiyo wanawake walishuka bondeni alfajiri na kupanda na ndoo kichwani jua likiwa kali. Mstari wangu ulikuwa huu: "Ndoo yangu imejaa, mlima haujaisha." Ni maneno machache, lakini nilikuwa nikiyaimba chooni, shambani, kwenye foleni ya maji, mpaka mama akanitishia mwiko. Sikuwa nimewahi kufika Masasi. Niliyasikia tu majabali yake yakisimuliwa, kwamba yako makubwa kama nyumba zilizopandana, na nikadhani nikiimba mbele ya majabali yale sauti yangu itarudi kwangu imekua.

Sasa mjomba Halfani. Kwetu, upande wa mama ndio ukoo, na mjomba ndiye mwenye kauli kwa watoto wa dada zake, ila juu ya mjomba yuko bibi, na juu ya bibi yuko Mungu. Mjomba aliuza korosho zake zote msimu ule, akashuka Masasi, akarudi na runinga, deki ya video, jenereta na kanda nne. Akajenga banda la fito, akaliziba kwa magunia ili mwanga usiingie, na kiingilio kikawa kopo la korosho. Kanda tatu zilikuwa za watu wanaopigana mateke, wanaume wakazipenda sana. Ya nne ilikuwa na picha ya mpiganaji kwenye ganda lake, lakini ndani hamkuwa na ngumi hata moja. Mlikuwa na watoto wa shule. Wanaume walipoiona walitaka kuvunja banda. Basi mjomba akaamua ile iwe ya wanawake na watoto, Jumamosi mchana.

Ilikuwa picha ya kuchekesha, jamani. Kuna shule ya Kizungu imechakaa, na watoto wake wana matarumbeta lakini hawajui kuyapiga. Mmoja mnene anapuliza tarumbeta kubwa kuliko yeye, kofia ya mwalimu mkuu inaruka. Mwalimu mkuu mwenyewe ana sharubu na hapendi kelele, kila wakipiga anakwenda kufunga dirisha, na kila akifunga dirisha kioo kinamdondokea. Kuna mbuzi anayekula karatasi zao za muziki. Yule mbuzi ndiye tuliyemwelewa kuliko wote, hakuhitaji kutafsiriwa. Halafu anakuja mwalimu mpya mwenye nywele ndefu, anawafundisha, na mwishoni wanakwenda kupiga mbele ya watu wengi, na watu wote wanasimama na kupiga makofi. Mwisho ule sikuuweza. Nilisimama na mimi, nikapigwa kanga ya kichwa na mama wa nyuma yangu nikae chini.

Tatizo lilikuwa lugha. Picha ilikuwa ya Kiingereza, na mjomba alisimama kando ya runinga akitueleza kila walichosema. Alisimulia vizuri mno, sauti yake ikipanda na kushuka, ya wanawake akiifanya nyembamba. Banda lote liliamini kwamba Kiingereza anakijua kama Kimakonde. Yule mwalimu wa nywele ndefu alipokamata kijiti mkononi na kuanza kukitikisa mbele ya watoto, mjomba akasema, "Anawaambia, atakayekosea leo atalalia tumbo." Watu wakaangua kicheko. Nani asiyejua mwalimu akishika fimbo maana yake nini? Tulicheka kwa sababu tulijua. Bibi peke yake hakucheka. Aliketi kwenye mkeka mbele kabisa, kanga ameifunga kifuani, anaangalia kile kijiti tu.

Bibi alikuwa na sababu. Dada yangu Hadija, kabla ya miaka hiyo, alichapwa shuleni na mwalimu mmoja aliyekwisha hamishwa. Aliinua mkono kujikinga, fimbo ikatua kwenye kifundo. Mkono ulivimba, ukapona vibaya, na tangu siku ile hakuweza kushika mchi sawasawa wala hakurudi darasani. Kwetu msichana asiyeweza kutwanga anatazamwa kwa jicho la huruma, na huruma nayo ni adhabu. Bibi ndiye aliyekuwa akimkanda kwa maji ya moto kila asubuhi. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka.

Mambo yangeishia pale kama Mwalimu Selemani hakuwamo bandani. Lakini alikuwamo, na picha ile ilimwingia. Jumatatu yake akaja mazoezini na kijiti alichokichonga mwenyewe, akasimama mbele yetu kama yule wa kwenye picha, akaanza kukitikisa. Sisi tukaogopa. Alitufafanulia kwamba si cha kuchapia, ni cha kuongozea, lakini macho yetu yalikifuata kile kijiti kama kuku anavyomfuata mwewe, na sauti zikasinyaa. Wakati huo huo bibi alikuwa anapita kutoka shambani na jembe begani. Akasimama kwenye ua wa shule. Aliniona mimi, akaona kijiti, akaondoka.

Jioni alisema mbele ya mama na mjomba. Hakupandisha sauti. "Somoe haendi Masasi. Mjukuu wangu haimbi kwa fimbo. Mmoja ametosha."

Baba, kwa vile si wa ukoo, akaenda kuwaangalia mbuzi. Mimi nililia mpaka nikapata kwikwi. Wenzangu walikuwa wakiendelea na mazoezi, na kutoka nyumbani nilikuwa nikiwasikia upepo ukiwaleta. Msichana mwingine, Fatu, alipewa mstari wangu. Alikuwa na sauti nzuri, sitaki kumsema, lakini aliuimba kama mtu ambaye ndoo yake haijajaa. Sikuweza kukaa. Nilifagia ua hadi udongo ukawa na mabonde. Niliosha vyombo visafi. Nilitembea hadi njia panda ya lori na kurudi, hadi njia panda na kurudi, bila kutumwa na mtu.

Mwishowe nikaenda kwa mjomba. Alikuwa anasafisha deki kwa kitambaa, taratibu, kama anayemnyoa mtoto. Nikamwamkia, akaitika. Nikamwambia, "Mjomba, wewe ndiye uliyesema ile ni fimbo."

"Mimi nilisema walichosema."

"Walisema ni fimbo?"

Akaendelea kufuta. Kisha akachungulia mlangoni, akanivuta karibu. "Somoe, mwanangu. Wewe unadhani mimi ninajua wanachosema? Mimi niliishia la pili. Ninaangalia mdomo, ninaangalia mkono, ninatia maneno. Sasa ukimwambia mtu, banda limekufa, na mimi nimekufa nalo."

Nikamwambia simwambii mtu, lakini bibi yangu ndiye mama yako, na yeye ndiye aliyekusikia. Alikuna kichwa. Njia ya mwongo fupi, wahenga walisema, lakini mjomba alikuwa mtu wa kuirefusha. Jumamosi iliyofuata akatangaza picha ya watoto itarudiwa, na akaja mwenyewe kumchukua mama yake, akamtandikia mkeka mpya. Kabla hajawasha akawaambia watu kwamba Jumamosi iliyopita jenereta lilikuwa likipiga kelele sana na maneno mengine hakuyapata vizuri. Leo amelisogeza mbali, leo kila kitu kitasikika. Watu wakaitikia kwamba ni kweli, jenereta lilikuwa linawaziba masikio.

Mwalimu wa nywele ndefu alipokamata kijiti, mimi nikamtazama bibi. Mjomba akasafisha koo. "Anawaambia, wanangu, msiogope. Hiki nilichoshika si fimbo. Ni usinga wa babu yangu."

Usinga, kwa asiyejua, ni mkia wa mnyama uliotiwa mpini. Kwetu anayeongoza ngoma za wanawake ndiye anayeushika, anaelekeza kwa huo nani aanze na nani aitikie. Na aliyekuwa akiushika kijijini kwetu alikuwa bibi. Uliwekwa kwake juu ya uchaga, ndani ya kitambaa cheupe.

Bibi akageuza shingo. "Manyoya yake yako wapi, Halfani?"

Banda lote likageuka kwa mjomba. "Yamepukutika, mama. Kwao kuna baridi."

Mtu mmoja nyuma, mtani wetu wa Kimakua, akasema inaelekea manyoya yote yamemhamia mwalimu mwenyewe kichwani. Watu wakacheka hadi mbuzi wa kwenye picha akapita bila kuonekana. Bibi macho hakuyatoa kwenye runinga. Aliangalia hadi mwisho, mpaka watu wa kwenye picha waliposimama na kupiga makofi, mpaka kanda ilipokwisha na chenga za mchele-mchele zikajaa kwenye kioo. Halafu akanyanyuka, akakung'uta kanga, akasema, "Basi anaushika vibaya."

Njiani nilitembea nyuma yake nikiogopa kuuliza. Ni yeye aliyeanza. Aliniambia mjomba wako ni mwongo tangu anatambaa, na hayo maneno ya Kizungu hajui hata moja, usidhani mimi ni mtoto. "Lakini nimeangalia mwenyewe tangu mwanzo hadi mwisho. Kile kijiti hakikumgusa mtoto hata mmoja." Halafu tukaendelea na njia, na mimi nikapiga hatua za mbio-mbio kwa sababu miguu ilishindwa kwenda polepole.

Siku ya shule iliyofuata bibi alivaa kanga ya sherehe, akachukua kile kitambaa cheupe, akaenda kwa Mwalimu Selemani. Mwalimu akamwamkia kwa adabu, akamtolea kiti, bibi hakukaa. Alimwambia kijiti akitupe, na mwalimu akakitupa palepale kwenye jalala. Alimwambia watoto wasipangwe mstari kama magunia ya mnunuzi, wasimame duara, maana wimbo ni moto na moto huotwa kwa kuuzunguka. Na kiongozi asiwape wageni mgongo, ni utovu wa adabu, yule wa kwenye picha hakufunzwa. Kiongozi akae katikati. Mwalimu akasema, "Nimeelewa, bibi. Basi nitaushika kwa heshima." Akanyoosha mikono miwili kuupokea usinga.

Bibi akaurudisha kifuani. "Hauendi kwako, baba. Huu ni wa ukoo. Atashika Somoe."

Niliruka. Nilirukaruka kama ndama aliyefunguliwa. Ningekwenda Masasi! Nilikuwa bado hewani aliponikumbusha jambo ambalo kila mwanamke wa ukoo wetu analijua. Mwenye usinga haimbi. Anaelekeza tu. Akifungua mdomo, wimbo umekosa mwenyewe. Mstari ungebaki kwa Fatu.

Sijui kama mtu aliyeshiba anaweza kumwelewa mwenye njaa aliyekabidhiwa upawa. Siku zote zilizobaki nilifanya mazoezi mdomo nimeufunga, ulimi unanicheza ndani kama samaki kwenye ndoo. Bibi alinifundisha uani kwake. Alinifundisha usinga unavyolala kabla ya wimbo, unavyoamka, unavyomkatiza anayekimbia mbele, na unavyomwita aliye nyuma bila kumwaibisha. Hadija alikaa kizingitini akituangalia, na nilipokosea yeye ndiye aliyenionyesha, kwa mkono wake ule ule uliopinda, na ulipindika vizuri kuliko wangu mzima.

Tulishuka Masasi juu ya lori la korosho, tumekalia magunia, kamasi za vumbi jekundu puani. Majabali niliyaona. Ni makubwa kweli, na hayakunijali. Uwanja ulikuwa umejaa, wageni wa heshima wamekaa kwenye viti vya mbele chini ya turubai, na shule zilizotutangulia zilijipanga safu safi, soksi nyeupe, zikaimba zikiwatazama waamuzi. Zamu yetu ilipofika tukaingia, tukafanya duara, mimi nikasimama katikati. Nikasikia watu wakinong'ona kwamba hawa wa Newala wamepotea. Waamuzi hawakuona kitu ila migongo ya watoto.

Nikaulaza usinga, nikauamsha, nikamwelekeza Fatu. Alifungua mdomo, na siku ile ndoo yake ilikuwa imejaa. Mstari wangu ulitoka kwake, nami nikameza mate. Wenzangu wakaitikia. Tulipofika kiitikio cha pili mwanamke mmoja aliyekuwa anauza mihogo pembeni aliacha sinia lake akaja kuchungulia juu ya vichwa vyetu, maana kwenye ngoma ukitaka kuona unasogea. Akafuata mwingine. Benchi za nyuma zikainuka, zikaja kutuzunguka, wakawa wanapiga makofi kwa mdundo. Mwishoni hata waamuzi walilazimika kusimama, mmoja akapanda juu ya kiti chake, kalamu sikioni, akitafuta nyuso zetu.

Hatukupata kikombe. Tulikuwa wa mwisho kabisa. Mwamuzi alieleza kwa upole kwamba sauti zilikuwa nzuri, lakini kanuni ni kuwaangalia wageni, na sisi tulikuwa tumejifungia ndani kama watu wa siri. Mcheza kwao hutunzwa, na sisi tulikuwa tumecheza ugenini. Fatu alilia njia nzima. Mwalimu Selemani alilikalia gunia lake akitazama barabara. Mimi nilikuwa nimekumbatia kitambaa cheupe, nikifikiria nitamwambia nini bibi, kwamba duara lake ndilo lililotuangusha.

Alikuwa amekaa mlangoni anabangua korosho. Nikapiga magoti, nikamwamkia, nikamrudishia usinga. Nikaanza kumweleza habari za kikombe, akanikatiza.

"Watu walikaa au walisimama?"

"Walisimama, bibi. Wote. Hata waamuzi."

"Haya," akasema. "Nenda kaoge, una vumbi."

Mimi shule niliishia darasa la sita, kwa mambo mengine ambayo si ya leo. Bibi alikwisha tangulia, na mjomba Halfani naye. Alikufa bila mtu mwingine, zaidi yangu na bibi, kujua kwamba alikuwa akitia maneno tu. Ninayasema sasa kwa sababu banda halipo, halitakufa mara ya pili. Pale liliposimama kuna kibanda cha kutuma pesa na kuchaji simu. Jenereta halihitajiki, umeme upo, ukikatika watu wanalalamika kana kwamba walizaliwa nao. Watoto wanaona picha wanazotaka, kila mmoja na yake kiganjani, shingo wameinamisha, na hakuna wa kuwapiga kanga ya kichwa wakae chini, kwa kuwa hakuna anayenyanyuka. Sisemi ya kale yalikuwa bora. Leo bomba linatoa maji siku nyingi, na mwalimu akimuumiza mtoto kuna pa kwenda kusema. Hadija angekuwa mtoto leo, labda mkono wake ungekuwa mzima.

Ila juzi mjukuu wangu wa kike aliniletea simu niangalie kwaya ya shule yao. Watoto wamepangwa safu safi, wanaitazama kamera. Yeye ndiye mwanzilishi. Sikuambiwa kabla ni wimbo gani. Akafungua mdomo mle kwenye simu, peke yake, wengine wote kimya: ndoo yangu imejaa, mlima haujaisha. Sijui umefikaje mpaka kwao, nani alimfundisha nani. Mwenyewe alikuwa ameketi kando yangu ananitazama usoni aone kama nimependa, goti lake linatikisika lisitulie.

Nikashika ukuta, nikayakunjua haya magoti yangu yanayolia, nikasimama.

"Bibi, unakwenda wapi?"

"Siendi popote," nikamwambia. "Wewe imba."